Nimepima fuwele za platinamu maabara mbili: moja imenipimia kibebeo, nyingine imenipa jibu

Nimechelewa kuandika hii rivyuu kwa sababu nilitaka kwanza matokeo yote yawe mezani, sasa yapo, na naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kutuma poda yake ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia) ikapimwe fuwele na hajui aulize nini kabla hajalipa. Maabara mbili, poda ileile, chupa ileile nimeigawa nusu kwa nusu, na majibu yamekuja tofauti ya mbingu na ardhi. Majina siweki, ninachotaka uone ni kazi ilivyofanyika.

Sampuli zilikuwa mbili. Zote ni platinamu asilimia 1 kwa uzito juu ya gama-alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, ndiyo kibebeo kinachoishikilia platinamu, moja mbichi kabisa haijawahi kuingia kwenye riakta, chombo ambamo kichocheo kinafanyia kazi, nyingine imetoka riakta baada ya kazi ya muda mrefu na kasi yake ilikuwa imeshuka vibaya. Swali langu lilikuwa moja tu, je zile fuwele za platinamu zimekua? Maana kichocheo kinafanyia kazi usoni. Fuwele ya nanomita 2 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) ina atomi kama 280 hivi na karibu nusu yake ziko nje zinaonana na gesi, ikishaungana na wenzake kwa sababu ya joto ikawa ya nanomita 20 basi sehemu kubwa ya platinamu imefukiwa ndani, umeilipia na haikufanyii chochote.

Maabara ya kwanza walipima kwa eksirei, unaipiga poda mionzi unachora inavyorudi kwenye kila pembe, na fuwele zinajionyesha kama vilele kwenye grafu. Ripoti yao ilikuja haraka, hilo nawapa haki yao, siku nne tu. Ukurasa mmoja, jedwali safi, mbichi nanomita 4.9, iliyotumika nanomita 5.1, na chini wameandika hakuna badiliko la maana. Basi. Hakuna grafu, hakuna kusema wametumia kilele kipi, hakuna kusema ule upana ambao mashine yao yenyewe inauongeza kwenye kilele wameuondoaje.

Nikaamini. Wiki tatu nzima nahangaika na salfa, nahangaika na masizi, nabadilisha gesi, nasafisha mabomba, kwa sababu kama fuwele hazijakua basi lazima kuna kitu kimezifunika, ndivyo nilivyokuwa nawaza. Kilichonirudisha nyuma ni ile namba ya sampuli mbichi. Hii poda nimeitengeneza mwenyewe, nimeipitishia hidrojeni kwenye joto la digrii 350 taratibu kabisa, na kwa njia ile fuwele huwa zinatoka nanomita 2 au pungufu, sasa hii 4.9 imetoka wapi? Na kwa nini ile iliyopigwa na joto muda wote ule nayo iko palepale?

Nikaomba data ghafi. Kwanza wakanitumia picha ya grafu, nikawaambia hapana naomba faili lenyewe, safu mbili za namba, pembe na idadi ya mionzi. Ikachukua siku kadhaa na simu kadhaa. Lilipofika nikalichora juu ya grafu ya alumina tupu niliyopewa na muuzaji wakati nanunua kibebeo, na aisee, vinundu, yaani vile vilele vipana, vililala juu ya vinundu kama nguo imekatwa kwa kipimo. Nilikaa nikaitazama ile skrini muda mrefu sana.

Ngoja nieleze maana hapa ndipo watu wengi wanaumia. Ukitumia eksirei ya shaba, platinamu inatoa kilele chake kikubwa kwenye pembe ya digrii 39.8, kinachofuata 46.2, halafu 67.5. Gama-alumina nayo ina vilele vyake, vipana vipana, karibu na 39.5, 45.8 na 67. Umeona hapo? Vyote vitatu vimekaliana. Sasa njoo kwenye fomula ya Paul Scherrer ya mwaka 1918, ambayo ndiyo kila mtu anatumia mpaka leo, ni rahisi sana: fuwele ikiwa kubwa kilele kinakuwa chembamba, ikiwa ndogo kilele kinatanuka, unachukua urefu wa wimbi, unazidisha kwa 0.9, unagawa kwa upana wa kilele uliozidishwa na kosaini ya nusu ya pembe. Fuwele ya nanomita 5 inatoa upana wa digrii 1.7 hivi pale kwenye 39.8. Na vipande vya alumina yangu vyenyewe ni vidogo vya nanomita 5 hivihivi! Fomula haijui kilele ni cha nani. Programu imekuta kinundu, imekipima, imetoa namba, mtu akaibandika kwenye jedwali. Nilikuwa nimelipia kupimiwa kibebeo, mara mbili.

Sisemi walidanganya. Kipimo ni sahihi, ila ni cha kitu kingine. Kilichoniuma ni kwamba mtu yeyote aliyewahi kushika hii poda angejua, na hakuna aliyeniuliza hata swali moja.

Basi nikatafuta wengine, na hapa ndipo rivyuu yenyewe inapoanzia.

Maabara ya pili kabla hawajasema bei wala siku walinitumia karatasi ya maswali. Metali gani, asilimia ngapi, kibebeo gani, imepitishwa hidrojeni kwenye joto la ngapi, ina masizi, inashika moto ikikutana na hewa? Hili la mwisho sio la kujaza nafasi, paladi juu ya kaboni ikiwa kavu na imetoka kwenye hidrojeni inaweza kuwaka yenyewe, mtu anayefungua chupa ana haki ya kujua. Halafu chini kabisa sentensi moja: tafadhali tuma na kibebeo kitupu kutoka mzigo uleule, kilichopita joto lilelile. Nilivyosoma hiyo nikajua hawa wanaijua hii kazi.

Dada aliyeshika sampuli zangu alinipigia kabla hajaanza. Akaniambia, kaka, kwa hii mbichi yako siwezi kukuahidi namba ya eksirei. Akanieleza, fuwele za nanomita 2 kilele chake kinatanuka zaidi ya digrii 4, na una asilimia 1 tu ya platinamu, kwa hiyo kinakuwa kama kilima kilicholala chini ya vilima vya alumina, nikikupa namba hapo nitakuwa nimeitunga. Akasema tutapima kwa sababu kutokuona kilele nako ni habari, kunatuambia hakuna fuwele kubwa za maana humo ndani, lakini ukubwa wenyewe tuutafute kwa hadubini na kwa gesi.

Mtu wa huduma anayekwambia kabla hajapokea pesa yako kwamba kifaa chake hakitaweza, huyo mshike.

Matokeo ya eksirei yalikuja na mafaili yote, sampuli mbichi, iliyotumika, alumina tupu, na poda ya lanthanamu heksaboraidi ambayo wanaitumia kujua mashine yao yenyewe inatanua vilele kiasi gani. Walipotoa alumina kwenye ile mbichi hakukubaki kitu cha kushika, kama alivyosema. Kwenye iliyotumika kikasimama kilele chembamba pale 39.8, upana nusu digrii, kimechomoza kama mwiba juu ya kinundu cha alumina. Kumbe hata kwenye grafu ya maabara ya kwanza kile kimwiba kilikuwepo, kidogo, ila walipima haraka haraka kelele ikakimeza, na programu ikafuata kinundu kikubwa.

Sasa kitu ambacho nilikipenda sana, hawakuniandikia namba moja. Upana wa mashine yao ni digrii 0.1, na kuutoa huo upana kuna namna mbili kutegemea umbo la kilele, ukitoa mraba wa upana mmoja kwenye mraba wa mwingine halafu ukachukua kipeuo unabaki na 0.49, ukitoa moja kwa moja unabaki na 0.4. Ya kwanza inakupa nanomita 17, ya pili 21. Wakaandika "kati ya 17 na 21" wakaeleza kwa nini. Ukiona ripoti imeandika 18.73 kwa kilele kimoja cha poda kama hii, uliza hizo desimali zimepatikanaje.

Hadubini ya elektroni ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa furaha. Wanatumia ile namna ambayo atomi nzito zinang'aa, mwanga unapanda karibu na mraba wa namba ya atomi, platinamu ni 78 wakati aluminiamu ni 13 na oksijeni ni 8, kwa hiyo platinamu inaonekana kama punje nyeupe zimemwagwa juu ya wingu la kijivu. Sampuli mbichi punje ni ndogo zimelingana, wamepima 312, wastani nanomita 2.1. Iliyotumika ni kijiji kingine kabisa, ndogo bado zipo lakini katikati yake kuna mabonge, mengine yamepita nanomita 20, wastani wa idadi ni nanomita 8. Kuna picha moja ya bonge la nanomita 12 hivi, mistari ya atomi inaonekana wazi, nikachukua rula ya kwenye programu nikahesabu nafasi kumi nikapata nanomita 2.27, gawa kwa kumi ni 0.227, na hiyo ndiyo nafasi kati ya tabaka za platinamu za ule uso unaotoa kilele cha 39.8. Kitu kilekile ambacho eksirei inakwambia kwa pembe, hapa unakihesabu kwa macho yako. Kwenye fuwele ya nanomita 2 mistari kama hiyo inaingia tisa hivi, imeisha.

Na walinionyesha kitu ambacho namba haiwezi kusema, baadhi ya yale mabonge sio fuwele moja, ni mbili au tatu zimeshikana na mistari inageuka upande katikati. Hadubini ukiwa unapima kwa nje unaona chembe moja kubwa, eksirei inaona kila kipande chenye mpangilio mmoja peke yake. Kwa hiyo ukubwa wa chembe na ukubwa wa fuwele ni vitu viwili, na ripoti nzuri inakwambia inazungumzia kipi.

Jaribio la tatu ni la gesi, unaisafisha poda, unaipitishia kaboni monoksaidi, unahesabu imeshika kiasi gani, kila molekuli umeichukulia imekaa juu ya atomi moja ya platinamu. Mbichi imetoa asilimia 48 ya atomi ziko usoni, iliyotumika asilimia 9. Kwa platinamu kuna hesabu ya haraka, 1.1 gawa kwa hicho kisehemu, unapata nanomita 2.3 na nanomita 12. Walichoniuliza kabla ni joto la hidrojeni nililotumia mimi, ili wao wasilipite wakati wa kusafisha, maana wakilipita wanaweza kuzikuza fuwele wao wenyewe halafu wakaja kuzipima. Na masizi waliyachoma kwanza taratibu, kwa sababu gesi inahesabu uso ulio wazi tu, platinamu iliyofunikwa na masizi inaonekana kama haipo.

Mwenzangu alipoziona hizi namba za sampuli iliyotumika akasema sasa hawa nao hawaeleweki, hadubini 8, gesi 12, eksirei 17 mpaka 21, tumwamini nani? Wote! Hadubini inahesabu vichwa, kila fuwele ina kura moja, ndogo na kubwa sawa. Gesi inahesabu uso. Eksirei inahesabu ujazo, na kwenye ujazo bonge moja la nanomita 20 lina platinamu sawa na fuwele 1000 za nanomita 2, kwa hiyo mabonge machache yanabeba kilele chote. Zikifuatana hivyo, idadi chini, uso katikati, ujazo juu, ujue una mchanganyiko wa wadogo na wakubwa na vipimo vyako vinaongea lugha moja. Kwa sampuli mbichi hadubini 2.1 na gesi 2.3, karibu sawa, kwa sababu zimelingana. Ningepewa namba tatu zinazofanana kabisa kwa ile iliyotumika ndipo ningeanza kuogopa.

Kwa hiyo jibu la swali langu ni ndiyo, zimekua, tena sana, na wiki tatu za salfa zilikuwa za bure.

Sasa mapungufu yao, maana nyota nimetoa nne sio tano. Picha za hadubini zilikuja kwanza zikiwa zimebanwa, kipimo kimechapwa juu ya picha yenyewe, huwezi kuzipima tena vizuri, mpaka nikaomba mafaili ya asili, na waliyatoa siku hiyohiyo lakini kwa nini nisubiri kuomba? Pia mara ya kwanza walipiga sehemu tatu tu za ile sampuli iliyotumika. Sehemu tatu kwenye poda ni kama kuonja chumvi ya sufuria kwa tone moja, kama mabonge yamejikusanya upande mmoja utayakosa au utayakuta yote. Niliwaandikia, wakarudi wakapiga kumi na moja zaidi na wastani ukasogea kutoka 6 kwenda 8. Hiyo ilipaswa iwe kawaida yao. Na kwenye ripoti ya gesi hawakuandika kwamba wamechukulia molekuli moja kwa atomi moja, nilijua kwa sababu niliuliza, mwingine asingeuliza. Muda nao, jumla ilikuwa wiki tano na siku mbili, kwa hiyo kama una haraka panga mapema.

Kitu kingine cha kujua kabla hujatuma, ile wavu ndogo ya duara wanayowekea poda kwenye hadubini kwa kawaida ni ya shaba. Ukipima elementi humohumo shaba itatokea kila sehemu hata kama poda yako haina hata chembe, kwa hiyo kama kichocheo chako ni cha shaba waambie watumie wavu ya nikeli au ya dhahabu. Wao waliniuliza hilo bila kukumbushwa. Vilevile kama kibebeo chako ni zirkonia, kwenye hicho kipimo cha elementi platinamu na zirkoniamu mistari yao ya eksirei iko karibu mno, kwenye nishati ya kiloelektronivolti 2, waombe wasome ule mstari wa platinamu wa juu, ulio kwenye 9.4. Na wale wa dhahabu na fedha, msiulize eksirei peke yake, moja inatoa kilele 38.2 nyingine 38.1, fuwele ndogo kilele kimetanuka hapo hutofautishi hata ufanyeje, ni lazima elementi zipimwe.

Kama platinamu yako iko juu ya kaboni kazi ni nyepesi zaidi, kinundu kikubwa cha kaboni kiko kama digrii 25, mbali na 39.8, labda ndiyo maana nimeona watu wanaisifia ile maabara ya kwanza na sina ubishi nao. Kwa poda ya aina hiyo programu yao pengine inatosha. Kwa alumina hapana, na mteja hatakiwi kuwa ndiye anayegundua hilo.

Mimi nimerudi maabara ya pili tayari. Zamu hii ni kobalti, na yule dada akanipigia tena, akasema hii hatuiweki kwenye mashine ya shaba, eksirei ya shaba inaifanya kobalti nayo itoe mionzi yake, sakafu ya grafu inapanda mpaka vilele vinazama, tutatumia mashine yenye bomba la kobalti. Nikamwambia sawa dada, na chupa ya kibebeo kitupu nimeshaiweka kwenye boksi kabla hujaiomba.